Mtoto Akiuliza, Usimnyamazishe



Leo naomba nizungumze nanyi, hasa ninyi akina baba na akina mama wenye watoto wadogo, yaani wale ambao bado hawajaanza shule au ndio kwanza wameanza. Sitasema habari ya sare wala ya vitabu. Nataka kusema juu ya kitu kimoja ambacho kila mtoto huzaliwa nacho, kisichouzwa dukani, nacho twaweza kukiua kwa neno moja tu. Kitu hicho ni hamu ya kujua.

Lakini kabla sijatoa shauri lolote, yanipasa niungame kosa langu mwenyewe.

MAGUNIA MAWILI YA MAHINDI

Mimi ni karani wa parokia, na kabla ya kazi hii nilisoma chuo cha ualimu. Mtu angedhani basi kwamba najua kulea. Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, miaka mitatu iliyopita, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Nilikuwa mezani nikinakili majina ya watoto waliobatizwa, kwa maana orodha ilitakiwa asubuhi yake. Kumbikumbi wakaingia ndani kwa wingi wakiifuata taa. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, akaja mbio na mbawa tupu kiganjani.

"Baba, kumbikumbi wanatoka wapi? Mbona wanaacha mbawa zao? Sasa wataruka na nini?"

Kumbikumbi mmoja alikuwa ameangukia ukurasa wangu, nami katika kumfuta nikaharibu mstari mzima. Nikampigia mtoto kelele: "Nyamaza! Kila siku maswali tu! Kumbikumbi ni wa kula, si wa kuuliza."

Akanyamaza. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimemfunza adabu.

Mwaka uliofuata tulivuna vizuri, tukajaza kihenge. Mwezi wa Agosti mama watoto alipokwenda kutoa mahindi ya kusaga, alikuta punje zimetobolewa, zimebaki maganda na unga. Dumuzi alikuwa ameingia. Tulipochambua yote, hasara ilikuwa magunia mawili. Siku ile tukiwa uani tunaanika yaliyosalia, binti yangu akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Mimi niliuona ule unga. Ulikuwa unaanguka chini ya kihenge kila siku."

Mama yake akamwuliza, "Mbona hukusema, mwanangu?"

Akanitazama mimi, kisha akatazama chini. "Baba alisema niache kuuliza."

Ndugu zangu, sikuwa na la kujibu. Mama yangu mzazi, aliyekuwa hapo akipepeta, akasema: "Mimi nilikwisha kuona. Tangu masika mjukuu wangu haulizi kitu. Nikadhani labda amekua." Maneno hayo yaliniuma kuliko yale magunia mawili. Mahindi hulimwa tena mwaka ujao. Je, na mtoto aliyezimwa?

Sisi wa Tabora twamjua dumuzi vizuri; wengine humwita Scania, kwa jina la lile lori. Si mdudu wa asili yetu. Kwao ni Amerika ya Kati, na mara ya kwanza kutambuliwa katika Afrika ilikuwa huku huku mkoani Tabora, mwaka 1981. Dalili yake ni huo unga unaoanguka. Sisi wakubwa twapita tukiwa na haraka zetu, wala hatuoni. Mtoto mdogo, ambaye kazi yake ni kutazama, ndiye anayeona kwanza. Lakini ataona na kukaa kimya, ikiwa tumemzoeza kukaa kimya.

KUULIZA SI UTUNDU

Wazazi wengi husema, "Mtoto huyu ni mtundu, mdomo wake haupumziki." La, huo si utundu. Mtoto wa miaka mitatu hata sita yumo katika ulimwengu mpya kabisa kwake. Wewe umekwisha kuona masika thelathini. Yeye ameona manne tu, na mawili kati ya hayo alikuwa mgongoni kwa mama. Akiuliza, anafanya kazi yake kama vile mguu unavyofanya kazi ya kutembea.

Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto wadogo mjini Roma siku ya Epifania, tarehe 6 Januari 1907, alipata sifa duniani kote kwa jambo ambalo bibi zetu walilijua: mtoto mdogo hujifunza kwa mikono yake. Ukimwambia kwamba maji ni mazito, hasikii. Ukimpa ndoo ndogo aibebe, amekwisha kujua.

Na wazee wetu walikwisha kusema: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hawakusema "mtu mzima asiyeuliza". Walisema kwa wote.

MTOTO ALIYEJIFICHA BANDANI

Napenda kuwapa mfano wa mtu ambaye jina lake lajulikana sana nchini kwetu. Jane Goodall alizaliwa London mwaka 1934. Akiwa na umri wa kama miaka minne alikwenda kukaa shambani kwa jamaa, akapewa kazi ya kuokota mayai. Akawauliza wakubwa: kuku ana tundu gani kubwa la kutokea yai? Hakuna aliyemjibu akaridhika. Basi akaingia katika banda la kuku, akajificha kwenye majani makavu, akangoja saa nyingi bila kujitikisa, hata kuku akataga mbele ya macho yake. Huku nyuma nyumba nzima ilikuwa ikimtafuta kwa hofu.

Sasa fikiri, msomaji. Mtoto wako amepotea tangu mchana, na jua linakuchwa. Mara anakuja mbio, majani yamejaa nywele zake. Wengi wetu tungetafuta fimbo. Mama yake aliona macho ya mtoto yanavyong'aa. Akaketi chini akamsikiliza habari yote ya yai, mwanzo hata mwisho.

Mtoto huyo ndiye aliyefika Gombe, mkoani Kigoma, mwezi wa Julai 1960, ili awatazame sokwe. Na nani alimsindikiza? Mama yake yule yule. Mwaka huo huo alimwona sokwe mmoja akiingiza bua la nyasi katika tundu la kichuguu, akilitoa limejaa mchwa, na kuwala. Mpaka siku ile wataalamu walisema kwamba binadamu peke yake ndiye atengenezaye zana za kazi. Habari ya Gombe ikawalazimu kufikiri upya. Jane Goodall aliendelea na kazi yake hata uzeeni, akafariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Na mwanzo wa yote ulikuwa swali juu ya yai la kuku, na mama aliyesikiliza.

KIJANA ALIYECHEKWA

Mfano wa pili ni wa kijana wetu wenyewe, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa akisoma sekondari ya Magamba, huko Usambara, ambako wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu ya maziwa. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yake yangali moto. Mwenzake aliingiza ya baridi. Ajabu, yake yakaganda kwanza! Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa tu.

Hakukata tamaa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni wa Chuo Kikuu, Dakta Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lake lile lile, na wenzake wakacheka. Lakini mgeni yule hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la wataalamu, na mpaka leo dunia huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu yake, hata juu ya kama hutokea kila mara. Basi swali la mwanafunzi limewatoa jasho watu wenye digrii kwa miaka zaidi ya hamsini.

Sisemi kwamba kila mtoto atakuwa Goodall au Mpemba. Nasema kwamba hatujui ni yupi, na kwamba hata asiyekuwa mashuhuri atafaidika: atakuwa mkulima anayeona ugonjwa wa mhogo mapema, au mama anayejua kwamba homa ya mtoto wake si ya kawaida.

MANENO MATATU YA KUMJIBU

Baada ya aibu ile ya kihenge, tuliagana na mama watoto tushike maneno matatu.

Kwanza: "Umeuliza vema." Hata kama una kazi. Ikiwa kweli huna nafasi, sema, "Nikumbushe jioni," na jioni utimize. Mtoto husahau mengi, lakini ahadi ya mzazi haisahau.

Pili: "Wewe waonaje?" Usikimbilie kumpa jibu. Mwache afikiri. Atasema maneno ya kuchekesha; usimcheke.

Tatu: "Twende tukatazame." Hili ndilo kubwa.

Na kama hujui, sema "Sijui." Baba hapungukiwi heshima kwa kusema sijui. Hupungukiwa anapodanganya, na mtoto akakua akagundua.

KILA MAJIRA YANA DARASA LAKE

Mtu ataniambia: "Karani, wewe una mshahara, sisi hatuna fedha ya vitu vya kuchezea." Nami namjibu kwamba kijiji ni darasa lililojaa vifaa, na Mungu mwenyewe hubadili vifaa hivyo kila majira. Nitasema ya huku kwetu Unyamwezi, ambako mvua ni ya majira mamoja, tangu Novemba hata Aprili. Ninyi wa Pwani, Kagera au Kilimanjaro mtageuza miezi kufuata mvua zenu.

Mvua zinapoanza. Tazameni kumbikumbi wakitoka kichuguuni. Mwonyeshe mtoto kwamba wakitua huangusha mbawa, kisha hufuatana wawili wawili, dume na jike, wakitafuta ardhi laini. Hao wawili wakifanikiwa kuchimba watakuwa mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Lakini wengi sana huliwa na ndege, vyura, na sisi wenyewe. Hilo ndilo jibu ambalo ningalimpa binti yangu usiku ule, kwa dakika mbili tu.

Wekeni kopo uani penye uwazi, lile lililonyooka kutoka chini hata juu, mpime mvua kwa rula kila asubuhi. Mtoto mdogo atachora mstari ukutani kwa mkaa kwa urefu ule ule. Mkubwa wake anayesoma apige hesabu: milimeta 1 ya mvua ni lita 1 katika kila meta 1 ya mraba. Paa la bati lenye meta za mraba 30, mvua ikiwa milimeta 20, limepokea lita 600. Sisi tulipoona hesabu hiyo, tukanunua mfereji wa bati. Mchezo wa kopo umempunguzia mama safari za kisimani.

Mimea inapokua. Chukueni punje tatu za maharagwe, mzifunike kwa kitambaa kibichi ndani ya glasi. Baada ya siku chache mzizi utashuka chini. Pindueni maharagwe, mzizi uelekee juu, halafu ngojeni. Mtaona wenyewe mzizi ukijipinda ushuke tena. Binti yangu aliupindua mara tatu, na mara tatu ulimshinda.

Shambani mwonyeshe karanga. Ua lake la manjano huchanua juu, kila mtu huliona. Kisha ua hunyauka, na mahali pake hutoka kijiti kidogo kinachoinama, kikaingia udongoni, na tunda likafanyika humo gizani. Wangapi kati yetu tumelima karanga miaka yote na hatujakitazama kijiti hicho? Katika mahindi, menyeni hindi bichi polepole. Kila uzi wa ndevu umeshikamana na punje yake moja. Uzi usiopata unga wa maua kutoka juu, punje yake haifanyiki. Ndiyo maana mengine yana mapengo kama kinywa cha mzee.

Noeli huja katikati ya mvua, udongo ukiwa laini. Huo ndio wakati wa kufinyanga. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango la Noeli kule Greccio mwaka 1223, alitaka watu waione kwa macho shida ya Mtoto Yesu. Watoto wetu nao wafinyange wenyewe punda, ng'ombe na kondoo wa pango la nyumbani, wakate majani, wajenge kibanda. Ng'ombe akipasuka kwa kukauka haraka, usimwambie mtoto "Umeharibu." Mwulize: "Tukimwanika kivulini je?" Ng'ombe wetu wa kwanza walipasuka wote, wa mwaka jana wangali wazima.

Mavuno na kipupwe. Mtoto atenge mbegu kwa rangi na ukubwa. Hiyo ni hesabu kabla ya hesabu. Apewe kikapu chake kidogo na sehemu yake ndogo ya kuchambua. Naye apewe kazi ya kutembelea kihenge kila siku na kutoa habari. Nyumbani kwangu kazi hiyo sasa ina mwenyewe, wala haachi hata siku moja.

Kiangazi. Simikeni kijiti uani, mweke alama ya kivuli chake saa sita mchana. Katika Tanzania nzima, mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, na mwezi wa Desemba huelekea kaskazini, kwa sababu jua limehama upande. Mtoto anayeona hivyo kwa kijiti chake mwenyewe hatashangaa atakaposikia habari za mzunguko wa dunia shuleni. Mwezi wa Septemba na Oktoba, mwende ukingoni mwa pori mkaone miombo inavyotoa majani mapya mekundu hata kabla mvua haijanyesha. Mwulize: maji ameyapata wapi? Kisha mzungumze juu ya mizizi mirefu na maji yaliyowekwa akiba ndani ya shina.

Usiku wa kiangazi mbingu haina mawingu. Mwonyesheni Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana. Mwezi wa Mei hufichwa na jua, haionekani. Juni huonekana alfajiri mashariki. Na mwezi wa Novemba huchomoza jua likichwa, wakati wetu wa kushika jembe. Jina lake lenyewe lataja kulima. Babu zetu hawakuwa na kalenda ukutani, lakini walikuwa nayo hapo juu.

MICHEZO NI SHULE

Wazazi wengine humwona mtoto anayecheza kuwa anapoteza wakati. Hebu wachunguzeni. Mtoto achezaye mdako hurusha kijiwe kimoja na kuvuta vingine kabla hakijaanguka: hapo jicho, mkono na hesabu vyafanya kazi pamoja. Wanaocheza bao hujifunza kuhesabu na kutazama mbele kabla ya kutenda. Anayetengeneza gari la mabua na magurudumu ya ndala kuukuu anashughulika na mambo ya fundi: kwa nini lapinda upande mmoja? Msichana anayemvika nguo mtoto wake wa gunzi anatunga hadithi nzima kichwani. Kombolela hufundisha kungoja na kunyamaza kwa hiari, tena ndiko kunyamaza kuzuri.

Nasi wakubwa tushiriki. Nusu saa ya baba uani haimpunguzii baba kitu. Jioni, chakula kikiwa jikoni, tegeni vitendawili. Tena msiviachie vile vya zamani tu. Mwache mtoto atunge chake. Kijana wangu wa miaka minne alitega: "Mzee analia, lakini hana macho." Tukashindwa, tukampa mji. Akasema ni birika lenye maji yanayochemka. Hakuna aliyemfundisha.

Jambo jingine. Tusiwagawe watoto hapa. Mara nyingi mvulana hupelekwa na baba porini kuona mizinga ya nyuki, na msichana hubaki na mtoto mgongoni. Binti naye ana macho. Kama nilivyoeleza, kule kwangu ndiye aliyeona unga.

TAHADHARI

Kumwachia mtoto achunguze si kumwachia ovyo. Mzazi mwenye busara huondoa hatari kwanza, kisha huacha mchezo.

Msihifadhi mafuta ya taa wala dawa ya wadudu katika chupa ya soda. Mtoto hujua chupa ya soda kuwa na kinywaji. Funikeni kisima. Kwenye bwawa na vidimbwi, tazameni viluwiluwi mkiwa ukingoni, watoto wasiingie majini, kwa sababu kichocho huwapata watu katika maji yenye konokono. Mwambieni mtoto kwamba uyoga na matunda ya porini huonwa kwa macho, wala hayaonjwi mpaka mkubwa aseme. Mkono usiingizwe tunduni. Mbwa asiyemjua asiguswe.

Lakini msitie hofu isiyo na maana. Kinyonga, kwa mfano, hana sumu yoyote. Watoto wengi hufundishwa kumpiga mawe, kumbe wangaliweza kukaa wakitazama macho yake, ambavyo kila jicho huzunguka kivyake.

Neno moja juu ya simu. Siku hizi hata vijijini, mtoto akilia hupewa simu anyamaze. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asitazamishwe kabisa, na wa miaka miwili hata minne asizidi saa moja kwa siku, nayo ikipungua ni bora. Simu ina mema yake, nami ninayo. Lakini simu humjibu mtoto asiyoyauliza, na mwisho wake huacha kuuliza. Kumpa simu ili anyamaze, na kumpigia kelele ili anyamaze, ni ndugu wawili hao.

AMERUDI KUULIZA

Mtataka kujua habari ya binti yangu. Hakurudi kuuliza kwa siku moja. Novemba iliyofuata baada ya hasara, mvua ya kwanza ilipokatika, niliweka kalamu chini nikamwambia, "Twende tukatazame kumbikumbi wanatoka wapi." Akaja, lakini hakusema kitu. Tulikaa kando ya kichuguu, yeye na mdogo wake, tukaona tundu zikifunguka na kumbikumbi wakimiminika kama moshi. Mdogo wake akapiga kelele za furaha. Yeye alitazama tu. Nilimweleza habari ya mfalme na malkia, akaitikia, "Ndiyo, baba."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua kwamba nilivyoharibu kwa neno moja sitatengeneza kwa neno moja.

Tuliendelea. Kopo la mvua, maharagwe, udongo wa Noeli. Kama mwezi wa Februari, tukipalilia karanga, nilimsikia nyuma yangu: "Baba, karanga inajuaje kwamba chini ni huku?"

Nilisimama na jembe mkononi. Sikujua jibu lake, wala sikujali. Nikamwambia, "Umeuliza vema. Wewe waonaje?" Akafikiri, kisha akasema labda karanga inasikia uzito, kama yeye anavyosikia ndoo ikimvuta. Baadaye nilimwuliza mwalimu mmoja wa sayansi, akaniambia kwamba mtoto hakukosea sana: mmea huisikia kweli ile nguvu ya dunia ivutayo vitu chini.

Wazazi wenzangu, wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji. Mimi nilikuwa karibu kuchelewa. Ninyi msichelewe. Juma hili, mtoto akija na swali, naam, hata kama unga uko jikoni na mgeni yuko mlangoni, mpe moja ya yale maneno matatu. Na ikiwa katika nyumba yako yuko mtoto ambaye zamani aliuliza na sasa haulizi tena, usiseme amekua. Mchukue mkono, mtoke naye nje, mkatazame kitu pamoja. Usimlazimishe kusema. Ngoja, kama yule mtoto alivyongoja katika banda la kuku.